Pijo lisiuzwe

Dada,

Shikamoo. Huku wazima, watoto wanakusalimu. Zamu za usiku zimenirudia, lakini hayo tuyaache.

Hela za paa nimetuma jana. Ni za paa, Dada, Kaka asiziguse. Nasikia ameshaongea na watu wa chuma chakavu waje walibebe Pijo, lile gari la Baba, eti linafuga nyoka. Nyoka walikuwemo tangu Baba yu hai, nani aliumwa?

Mwezi uliopita nilipita mahali watu wameegesha magari ya zamani, yamepigwa polishi kama viatu vya bwana harusi. Nikaiona Pijo 504 kama letu, ile ndefu ya safu tatu za viti. Mwenyewe akaanza kunisomesha: ilitoka 1968, mwaka uliofuata ikawa Gari la Mwaka la Ulaya. Nikamwacha amalize. Halafu nikamwambia ainame chini, springi za nyuma ziko mbili kila upande, ndiyo maana tulikuwa tunajaa ukoo mzima na haiinami. Akanikabidhi ufunguo mwenyewe! Nikakaa, nikashika gia pale kwenye usukani. Harufu ile ile, Dada, ya viti vilivyoungua jua na petroli kwa mbali. Nilikaa humo mpaka mwenye gari akaanza kukohoa.

Sasa ile picha ya safari, uliyonitumia nakala. Kaka anamwambia kila mtu kwamba mtoto aliyekaa juu ya boneti ni yeye. Ni mimi. Yeye ndiye yule wa pembeni aliyekatwa, umebaki mkono tu umeshika spana. Baba alijua kuendesha, kupiga picha hakujua. Kivuli chake mwenyewe kimetambaa mpaka kwenye taa, na ndiyo picha pekee ya safari ile aliyomo.

Tafadhali asiibandue. Albamu zile za gundi hazirudishi kitu. Ya Bibi aliibandua siku ya msiba akatoka na nusu uso. Aipige kwa simu ikiwa humo humo, karibu na dirisha, bila flashi. Na aharakishe, maana imeshaanza kuwa nyekundu: rangi nyingine hufifia kwanza, wekundu unabaki peke yake. Za Babu, zile nyeusi na nyeupe, zitatuzika sote. Negativu ziko kabatini kwa Mama, ndani ya bahasha. Zisiwekwe darini, joto litazimaliza.

Turubai la kulifunika Pijo nitalilipia mimi. Mwambie hivyo, na umwambie nimekasirika.

Mdogo wako

Nilikuwa nafunga barua, nikaifungua tena ile nakala uliyonitumia na kuikuza. Kola ya yule mtoto ina lesi. Dada, hilo si gauni lako? Usimwambie Kaka.