Vyumba vya kompyuta vifunguliwe jioni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwafikie walimu wakuu, wanachama wa bodi za shule na wakubwa wa Wizara ya Elimu. Hapa Nairobi tuna shule za kutwa zenye vyumba vya kompyuta vilivyopigwa kufuli, na wanafunzi wa shule hizo hizo huambiwa wakamalizie kazi zao mtandaoni wakifika nyumbani. Jambo hili limenikera muda mrefu, na sioni sababu ya kulinyamazia.

Niko Kidato cha Tatu. Sisi ndio tuliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho mwaka 2023, kwa hiyo ahadi za teknolojia shuleni tumekua nazo tangu utotoni. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2013 iliahidi kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi. Ahadi hiyo ilichelewa, vipakatalishi vikageuka tabuleti, na tabuleti zikaanza kusambazwa mwaka 2016, mwaka ule ule tulioanza darasa la kwanza. Siubezi mradi huo. Shule nyingi za msingi ziliunganishiwa stima kwa sababu yake, na zile tabuleti zilikuja na masomo ndani, picha zikisogea na sauti zikisoma. Shuleni kwetu tulizifurahia kwa muda mfupi, kisha zikaingia kabatini. Mwalimu alihofia wezi, akijua kwamba ikipotea hata moja yeye ndiye atakayeulizwa. Simlaumu hata kidogo. Lawama ni ya mpango uliomkabidhi mali ya umma bila kumpa bawabu, fundi wala kipindi cha kuzitumia katika ratiba.

Kisha ikaja korona. Shule zilifungwa Machi 2020 nikiwa darasa la tano, na darasa letu halikurudi hadi Januari 2021. KICD, taasisi ya serikali inayoandaa mitaala, ilipeperusha vipindi kupitia redio za KBC na runinga ya Edu Channel, na walioandaa vipindi hivyo walijitahidi. Lakini redio haimngoji anayenakili, na huwezi kuinua mkono ukaiuliza swali. Mwenye simu nzuri na bando alisonga mbele, asiye nayo akabaki nyuma. Tulidhani shule zikifunguliwa tofauti hiyo itakwisha. Haijakwisha, imehamia jioni.

Hali iko hivi. Simu ni marufuku shuleni, na marufuku hiyo naiunga mkono, maana nimeona darasa likipoteza kipindi kizima kwa sababu ya simu moja iliyofichwa kwenye sweta. Ila tukishatoka, kazi ya ziada hutumwa katika kundi la WhatsApp la wazazi. Kuna mzazi ambaye hana simu ila mulika mwizi isiyo na intaneti. Mwenzangu ninayeketi naye dawati moja ana mama anayeuza nguo soko la Gikomba, na simu ya mama ndiyo pekee yenye intaneti nyumbani. Mama hufika saa mbili usiku, chaji imeisha. Simu ichajiwe kwanza, halafu mdogo wake wa Gredi ya Saba apige picha mradi wake na kuutuma, ndipo zamu ya mwenzangu ifike. Akifungua anakuta ukurasa wa hesabu umepigwa picha upande upande, vile vipeo vidogo juu ya namba havisomeki, hajui kama ni mbili au ni tatu. Anakokotoa kwa kubahatisha. Kesho yake anaambiwa hakuwa makini.

Njia nyingine ni saiba, duka la kulipia kompyuta na intaneti, na saiba ni pesa: kuketi mbele ya mashine unalipia dakika, kuchapisha unalipia kila ukurasa. Isitoshe, msichana anayerudi kutoka saiba usiku katika mitaa yetu huwa hana amani njiani, na hilo wazazi wetu wanalijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Na kule shuleni? Chumba cha kompyuta kina mlango wa mbao na mwingine wa vyuma juu yake. Mashine zimefunikwa vitambaa. Wanaoingia ni wale wachache waliochagua somo la Kompyuta, kwa kuwa wana mtihani wa vitendo na mradi wa kuwasilisha kwa ajili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Sisi wengine tuligusagusa kibodi Kidato cha Kwanza, tukachagua masomo mengine, basi. Kikao cha wazazi kikifika, vitambaa hutolewa na chumba huonyeshwa. Wazazi hao ndio waliochanga kukinunulia vifaa. Inaniuma kuwaona wakikitazama kwa fahari, huku mtoto wa mmoja wao akijua kwamba jioni ataingia foleni ya simu ya mama.

Wapo watakaosema afadhali vifungwe, kwa sababu watoto wakipewa kompyuta watanakili majibu kutoka programu za akili unde. Nawajibu kwamba kunakili kunaendelea tayari, usiku, mahali ambapo hakuna mwalimu. Darasani kwetu insha zimewahi kukusanywa na kadhaa zikawa na aya ya kwanza inayofanana, yenye maneno ambayo mwandishi mwenyewe alishindwa kuyaeleza aliposimamishwa. Adhabu ilitolewa na somo likaendelea.

Ila mwalimu wetu wa Historia alifanya jambo lingine, na hilo ndilo lililonisukuma niandike barua hii. Aliiuliza programu kuhusu upinzani wa Wagiriama dhidi ya Waingereza, akanakili jibu lake ubaoni neno kwa neno, kisha akatuambia tulisahihishe kama tunavyosahihisha kazi ya mwanafunzi. Lilikuwa jibu la kupendeza kulisoma, limepangika vizuri. Lakini lilisema Mekatilili wa Menza alikuwa Mkamba. Mwanamke wa Kigiriama, aliyewalisha watu wake kiapo na kuwahimiza wasitii amri za wakoloni mwaka 1913, amehamishwa kabila na mashine isiyo na wasiwasi wowote! Tulifungua vitabu, tukabishana, tukafuta, tukaandika upya. Wanafunzi ambao huwa hawasemi darasani walisema siku hiyo. Tangu hapo sijasoma jibu la programu bila kutafuta ushahidi pembeni, na najua wenzangu wengi wako vivyo hivyo. Marufuku haikutufundisha hayo. Tulifundishwa na mwalimu aliyeileta mashine mbele yetu na kukaa hapo.

Sitaki kila kitu kihamie kwenye kioo. Kemia, kwa mfano: nimetazama video nyingi za kuongeza asidi kwenye alkali iliyotiwa fenolfthaleini, dawa inayoigeuza alkali kuwa ya waridi, na zote ni safi. Lakini mpaka ushike bureti, ule mrija wa kudondoshea asidi, mwenyewe, uzungushe chupa kwa mkono mmoja na kulegeza bomba kwa mwingine, huwezi kujua jinsi tone moja linavyoiondoa ile rangi ya waridi na jinsi tone hilo linavyokuponyoka. Shule inayolazimika kuchagua kati ya kemikali za maabara na kompyuta mpya inunue kemikali. Mimi nazungumzia kompyuta ambazo tayari zimenunuliwa.

Najua hofu za wakubwa wetu. Wizi upo. Bili ya stima ipo. Walimu wamechoka, nao wana watoto wao wa kurudia nyumbani, kwa hiyo sitamwomba mwalimu abaki bila marupurupu. Lakini masomo yetu huisha saa kumi. Chumba kikifunguliwa hadi saa kumi na moja na nusu, hata kama ni siku mbili kwa wiki, mtu atafanya kazi yake na kufika nyumbani kabla ya giza. Intaneti nayo si lazima iwepo kila siku. Kuna nakala ya Wikipedia inayosomeka bila mtandao ikishahifadhiwa kwenye mashine, na mwalimu anaweza kuweka maswali yake humo asubuhi badala ya kuyapiga picha usiku. Wanaodhani vijana wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi, hawaaminiki na vitu vya umma watembelee maktaba za Kaloleni na Makadara, yale matawi ya maktaba ya McMillan yaliyokarabatiwa na shirika la Book Bunk, wajionee tunavyoketi na kusoma.

Kuna jambo la haraka zaidi. Gredi ya Kumi ya kwanza imeingia mwaka huu wa 2026 kwa Mtaala wa Umilisi, na mtaala huo unadai utafiti na miradi zaidi kuliko wetu wa zamani wa 8-4-4. Wadogo zetu hawa wakikuta mtindo wa kufuli na kundi la WhatsApp, mwenye simu nyumbani ataitwa hodari na asiye nayo ataitwa mvivu, na alama zitaandikwa hivyo.

Katika shule yetu, sisi wa chama cha kompyuta tumekubaliana kushika daftari la kuingia na kutoka, kuhesabu vipanya na kibodi kabla ya mlango kufungwa, na kufagia chumba wenyewe. Barua ya kuomba hivyo tumeshaiandika na itafika kwa bodi muhula huu. Tunaomba mwalimu mmoja wa zamu, na Wizara itenge fungu la kumlipa, hapa kwetu na katika kila shule ya kutwa yenye chumba kama chetu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Makadara, Nairobi