Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Je, Pesa Ndiyo Inayoshinda Ijumaa Usiku?

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na vijana mliojibanza huko nyuma karibu na sambusa,

Mkutano mkuu wa mwaka jana ulimalizika saa sita usiku kwa sababu ya hoja moja. Mzazi mmoja alisimama akasema tunajisumbua bure kuwapeleka watoto wetu kwenye futiboli ya Kimarekani, ile ambayo shule za sekondari huicheza Ijumaa usiku, maana ubingwa wa Texas ni wa shule zenye pesa, na wa kwetu wanakwenda kujaza ratiba tu. Mzee wetu wa Bukavu akamjibu kwamba pesa haijawahi kukimbia na mpira. Mkatuachia kamati ya utendaji tutafute nani ana haki. Mahesabu atayasoma mhazini baada yangu. Mengine ya mwaka, yakiwemo misiba miwili na darasa la Kiswahili la Jumamosi, yamo kwenye karatasi mliyopewa mlangoni. Muda wangu nitautumia kwa hoja ile.

Naanza na shule ya Allen, mji ulio kaskazini ya Dallas, kwa kuwa ndiyo iliyotajwa usiku ule. Mwaka 2009 wapiga kura wa Allen waliidhinisha hatifungani, yaani mkopo wa wilaya ya elimu unaolipwa kwa kodi, na 2012 ukafunguliwa uwanja wa dola milioni 60 wenye nafasi ya watazamaji 18,000. Uwanja wa shule ya sekondari, jamani. Ubingwa wa jimbo wakauchukua 2012, wakaurudia 2013. Hapo mzazi wetu angekuwa ameshinda kesi. Lakini Februari 2014 uwanja huo ulifungwa kwa sababu ya nyufa kwenye zege, na msimu mzima Allen wakacheza bila uwanja wao. Wakachukua ubingwa wa tatu mfululizo bila kupoteza hata mechi moja. Kwotabeki wao, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, alikuwa Kyler Murray, ambaye kwa miaka yake yote ya sekondari hakupoteza mechi aliyoianza. Baba yake, Kevin Murray, kazi yake ni kuwafundisha makwotabeki.

Basi uwanja haukuwa na kosa wala sifa. Ila mzee wa Bukavu asishangilie bado, kwa sababu Allen ina wanafunzi zaidi ya 5,000. UIL, chombo kinachosimamia michezo ya shule za umma Texas, huzipanga shule kwa idadi ya wanafunzi, kuanzia 6A hadi 1A ambako kuna shule ndogo kiasi kwamba kila upande huingiza wachezaji 6 badala ya 11. Huko juu kwenye 6A hakuna kikomo, kwa hiyo yenye watoto wengi kupindukia hukutana na yenye nusu yake. Kocha mwenye umati wa kuchagua, na mwenye wa akiba wa kutosha pale wa kwanza wanapochoka robo ya nne na ya mwisho ya mchezo, ana utajiri ambao hauandikwi benki.

Wengi mmeniuliza inakuwaje wilaya ya elimu ijenge uwanja wa namna hiyo huku walimu wakilalamikia mishahara. Ni mifuko miwili tofauti. Tangu 1993 sheria ya Texas huzitaka wilaya zenye ardhi na majengo ya thamani kubwa zitoe sehemu ya kodi ya uendeshaji kusaidia wilaya maskini. Kodi ya kulipia hatifungani haiguswi na sheria hiyo, na fedha za hatifungani haziruhusiwi kulipa mshahara wa mtu. Wilaya tajiri ikitaka pesa yake ibaki nyumbani, zege ni njia mojawapo. Naona ni sheria yenye tundu, lakini hilo ni la wabunge, na wenye kura hapa wanajua la kufanya.

Sasa tazameni fainali za 6A, kundi la kwanza. Mwaka 2018, 2019, 2021, 2022 na 2023 zilikutana shule zilezile mbili, North Shore ya upande wa mashariki wa Houston na Duncanville ya hapa kusini ya Dallas. North Shore walishinda tatu za mwanzo, Duncanville mbili za mwisho. Shule zote mbili wanafunzi wao wengi wanatoka familia za kipato cha chini. Msimu wa 2020 peke yake ndio walioteleza, na fainali ikawa ya Westlake ya Austin na Southlake Carroll, vitongoji vya wenye nazo, makocha wakiwa baba na mwana. Baba alishinda. Kwa hiyo orodha ya mabingwa haimpi ushindi kamili mzazi wetu wala mzee wetu, ingawa mtu asisahau kwamba Duncanville na North Shore nazo ni shule kubwa sana.

Nje ya Texas kuna miji inayonikosesha usingizi zaidi. Belle Glade na Pahokee, kando ya Ziwa Okeechobee huko Florida, ni miji maskini ya mashamba ya miwa. Waliokulia Kilombero wanajua miwa inavyochomwa kabla ya kukatwa. Huko watoto huwakimbiza sungura wanaotoka kwenye moshi, na watu wa huko wanasema kasi yao inaanzia hapo. Fred Taylor na Santonio Holmes walitoka Belle Glade, Anquan Boldin Pahokee. Aliquippa ya Pennsylvania ilibaki na majonzi baada ya kiwanda cha chuma kufa, lakini shule yake ndogo imetoa Mike Ditka, Ty Law na Darrelle Revis, wote wamo kwenye Jumba la Mashujaa wa futiboli, na 2021 na 2023 ilichukua ubingwa wa jimbo ikishindana na shule kubwa kuliko yenyewe.

Lakini hizo ni shule zenye desturi ya vizazi. Mtoto wa Aliquippa amezaliwa mjomba wake akiwa keshacheza. Mtoto wetu aliyefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akiwa na miaka 13 hana mjomba huyo, na anayeshindana naye ameshika mpira tangu darasa la kwanza. Pengo hilo ndilo pesa hujaribu kuliziba, na hapa sina budi kukiri kosa. Mwaka jana mimi ndiye niliyesaini hundi ya kuwapeleka vijana wanne kwenye kambi ya mazoezi ya kulipia. Walirudi na fulana. Wiki chache baadaye, mazoezi ya Agosti yalipoanza, wawili kati ya haohao walikaa pembeni kwa kuwa fomu zao za kupimwa afya hazikuwa na saini ya daktari. Wazazi wao hufanya zamu ya usiku ghalani, na hakuna aliyewaambia. Kupimwa kungetugharimu sehemu ndogo ya ile hundi.

Teddy Bridgewater, aliyewahi kucheza kama kwotabeki kwenye NFL, ligi kuu ya kulipwa ya futiboli, alirudi kufundisha shule aliyosoma, Miami Northwestern, na 2024 akawapa ubingwa wa Florida. Mwaka 2025 akasimamishwa kwa kuwapa wachezaji misaada isiyoruhusiwa. Misaada yenyewe, kwa maelezo yake mwenyewe, ni nauli za teksi, chakula kabla ya mechi na tiba ya misuli. Kanuni ni kanuni, sibishani nayo. Ninachokiona ni kwamba mtu aliyeujua mchezo huo mpaka kileleni alipotaka kutoa pesa yake, aliitoa kwenye nauli na chakula.

Nasi ndipo tulipoihamishia. Gari la chama sasa linawachukua watoto baada ya mazoezi saa moja jioni. Kabla ya kuanza tulimwandikia mkurugenzi wa michezo wa wilaya, na kwa ushauri wake gari linabeba mtoto yeyote wa mwanachama, wapiga tarumbeta na wa klabu ya hesabu wakiwemo, ili lisionekane zawadi ya wachezaji. Mwaka huu hakuna kijana wetu aliyeacha timu kwa kukosa usafiri. Mmoja anacheza timu kubwa ya Ijumaa, wengine bado ni wa Alhamisi, timu za madarasa ya chini. Ubingwa hatujauona hata kwa mbali.

Akina mama mliouliza habari za kuumia kichwa: sheria ya Texas ya 2011 inataka mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atolewe uwanjani papo hapo, na asirudi mpaka daktari aidhinishe. Shule zenye uwezo huajiri mtaalamu wa tiba ya michezo wa kudumu, nyingine hazina. Ulizeni hilo kabla ya kuuliza habari za uwanja.

Kamati inapendekeza fungu la kambi lifutwe, liingie kwenye upimaji wa afya wa mwezi Mei na mafuta ya gari. Mtalipigia kura baada ya mhazini. Gari halina dereva wa Jumanne. Aliye tayari amwone katibu kabla ya chai.