Harambee ya Kuwafuatilia Wenzetu Waliotoka Hospitalini

Wapendwa katika Bwana,

Tumezika vijana na akina baba ambao hakuna aliyethubutu kutaja kilichowaondoa. Safari hii kamati ya ustawi wa kanisa inawaomba tulitaje jambo hilo, kujiua, kisha tuchange.

Vifo hivi vina mkondo wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 727,000 walijitoa uhai. Kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29, hiyo ilikuwa sababu ya tatu ya vifo. Wanaume hufa zaidi. Aliyewahi kujaribu yuko hatarini kuliko wote, hasa miezi ya kwanza baada ya kutoka hospitalini, na hapo ndipo sisi hatuonekani.

Shirika hilo lilifanya utafiti katika nchi 5, zikiwemo India na Sri Lanka, uliochapishwa mwaka 2008. Watu zaidi ya 1,800 waliofikishwa hospitalini baada ya kujaribu waligawanywa makundi mawili. La kwanza lilipata huduma ya kawaida. La pili lilipewa pia mazungumzo ya saa moja, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara 9 katika miezi 18. Kundi la kwanza lilipoteza watu 18 kwa kujitoa uhai. La pili, 2.

Hapa Kenya waliojaribu walijificha, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kiliwafanya wahalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kinakiuka Katiba. Basi hatuna tena kisingizio cha kuogopa polisi.

Nasi tunataka kuwafuatilia wenzetu vivyo hivyo. Mtembeleaji aliyefunzwa anafika nyumbani, anakaribishwa chai, anauliza habari za ng'ombe na watoto. Halafu anauliza wazi: "Yale mawazo ya kujiua yamerudi?" Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo, wengi hushusha pumzi.

Mchango wenu utalipa mafunzo ya watembeleaji, nauli ya boda na kredo ya simu, pamoja na nauli ya mgonjwa kurudi kliniki. Majina hayatasomwa madhabahuni wala kuandikwa kwenye daftari la kamati.

Harambee ni Jumapili ya kwanza baada ya tarehe 10 Septemba, Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani, baada ya ibada ya pili. Wenye kadi wazirudishe kwa mweka hazina. Mahindi na kuku pia tutapokea na kunadi.

Na wewe unayesoma haya ukiwa umelemewa, usingoje harambee. Piga 1199, Msalaba Mwekundu wa Kenya, bila malipo, au mwite mzee wa kanisa aliye karibu nawe leo.