Seli za ubongo hazifi zote papo hapo

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu enzi za kulisubiri basi la jioni kutoka Mbeya mjini, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukuandikia hata mstari mmoja. Habari yenu ya kiharusi ya Jumanne iliyopita imenilazimisha. Mwandishi wako anasema mshipa ukiziba, seli za ubongo hufa papo hapo, akaishia hapo, kana kwamba kilichobaki ni kuagiza sanda.

Kinachokufa ndani ya dakika chache ni kiini tu cha eneo lililopigwa, pale damu ilipokatika karibu yote. Kukizunguka kuna ukanda unaopata damu kidogo: seli zake zimenyamaza, haziamrishi mkono wala ulimi, lakini zi hai, na zaweza kukaa hivyo kwa saa kadhaa. Humo mna mvutano. Glutamati, kemikali ambayo seli za neva hupelekeana ujumbe, ikimwagika hufungua milango ya kalsiamu, na kalsiamu ikizidi huiharibu seli. Wakati huohuo jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini, huanza kusomwa kwa kasi, zikitangulia zile ziitwazo c-fos na c-jun, kisha zile za HSP70, protini inayosaidia kukunja upya protini zilizoharibika. Protini iitwayo BCL-2 huilinda seli, nyingine iitwayo BAX huisukuma kwenye kifo, na ulinzi ukishindwa, vimeng'enya viitwavyo kaspezi huikatakata kutoka ndani. Kifo cha namna hiyo huchukua saa nyingi, hata siku, na damu ikirudi mapema sehemu ya ukanda huo huokolewa.

Mwaka juzi kaka yangu aliangusha kikombe cha chai alfajiri, mdomo ukapinda. Mzee mmoja wa ukoo, ambaye hakuna anayethubutu kumpinga, akasema maneno yaleyale ya gazeti lako: ubongo ukishapigwa umepigwa, mwacheni alale. Akaachwa alale mpaka saa 10 jioni! Tulipomfikisha Mbeya, baada ya kukwama nyuma ya malori, swali la kwanza la daktari lilikuwa ilianza saa ngapi, na wote tukatazamana, kwa kuwa hakuna aliyeitazama saa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT, ile ya mionzi inayoonyesha ndani ya kichwa, kuthibitisha kwamba mshipa haukupasuka. Sisi muda huo tulikuwa tumeupita zaidi ya mara mbili, tukiwa tumekaa barazani. Leo kaka anakula kwa mkono wa kushoto, na jina langu hulitamka nusu.

Halafu lile tangazo chini ya habari hiyohiyo, la unga wa mizizi unaofufua seli za ubongo: lilipitishwa na nani? Juu mnatuambia zimekufa, chini mnauza ufufuo kwa kopo. Seli ya neva iliyokufa haifufuki. Anayepata nafuu kwa mazoezi husaidiwa na zile zilizobaki, zinazojenga miunganisho mipya.

Naomba marekebisho yachapishwe, si katika ukurasa wa ndani unaoishia kufungia maandazi, bali kando ya msimamo wa Ligi Kuu, katika kisanduku cha sentimeta 8 kwa 10, chenye picha ya saa ya ukutani na maneno haya: mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki, tazama saa, ondokeni. Mkikosa mchoraji nitachora mwenyewe; chaki bado ninazo.

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Tukuyu