Kopo lililokuwa chini ya mahindi

Mwanangu,

Nilifurahi ulivyonipigia simu Jumapili, ila kuna neno limenikwama kooni tangu siku hiyo. Ulisema shamba umeshalipia, akiba iko benki, na sasa "hata Mungu akichelewa, mama, mimi niko sawa." Ukacheka. Mimi sikucheka, maana maneno hayo niliwahi kuyaishi, ingawa sikuthubutu kuyatamka.

Unakumbuka sikukuu ya Madaraka ya 2019, noti mpya zilipozinduliwa kule Narok? Katiba ya Kenya ya 2010 ilikuwa imekataza sura ya mtu kwenye pesa. Basi zile noti za elfu moja za zamani zenye picha ya Mzee Kenyatta zikapewa hadi mwisho wa Septemba. Tarehe mosi Oktoba, ni karatasi tu.

Mimi nilikuwa na elfu arobaini na sita ndani ya kopo la Kimbo, chini ya gunia la mahindi. Baba yako hakujua, na usimwambie hata leo. Nilizikusanya miaka minne, pesa za maziwa na mboga. Na kadiri kopo lilivyojaa, ndivyo sala zangu zilivyofupika. Mvua zikikawia, sikupiga magoti tena. Niliamka usiku nikaenda kupapasa kopo.

Agosti mama jirani akaja. Mtoto wake alikuwa amelazwa, akaomba nimkopeshe elfu tatu. Nikamwambia sina kitu. Nilisema hivyo nimeegemea gunia lile lile.

Septemba nikazifunga noti kwenye leso, nikapanda matatu hadi benki Voi. Foleni ilikuwa imefika nje. Kugeuka, nani yuko nyuma yangu? Yeye, ametumwa na chama chake cha kuweka akiba kubadilisha pesa. Tukasimama pamoja saa mbili nzima tukiongea habari za jua. Kisha mashine ikahesabu noti zangu mbele yake, trrrr, na ile sauti, mwanangu, naisikia hadi leo. Hakuniuliza kitu. Mtoto alikuwa ameshapona. Watu wa kanisa walichanga.

Sikukatazi kuweka akiba. Yusufu aliweka nafaka Misri miaka saba, na Mungu mwenyewe ndiye aliyemwonyesha. Ila yule tajiri wa kwenye Injili ya Luka alipanga kujenga ghala kubwa zaidi, halafu aiambie nafsi yake istarehe, kana kwamba ghala ndilo linalompa pumzi. Kwako naogopa hilo la pili. Juzi dada yako alikuomba karo, ukamwambia pesa "zimefungwa." Nalijua neno hilo.

Desemba ile nilipokuwa nafua, nikakuta noti moja ya zamani kwenye pindo la leso. Naitumia kuweka alama kwenye Zaburi. Binti yako alipokuja likizo aliiona, akaitaka akanunue peremende. Nikamwambia nenda ukajaribu. Alirudi amenuna: mwenye duka alicheka hadi akaketi.

Mpigie dada yako.

Mama