Kabla boti haijang'oa nanga

Mwanangu,

Kesho utavuka hadi Mokowe, bara, kwenda bweni, na usiku huu usingizi umenikataa. Nguo zako si kitu. Nawaza kile kichupa cha sindano nilichokizungushia taulo.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini kaka yako aliishi siku 19 tu. Alizaliwa mnene, mzima. Wiki ya tatu akaanza kutapika, akakataa titi, macho yakazama. Watu wakasema kijicho. Tukamsomea, tukamfunga hirizi, na alfajiri moja akatutoka.

Wewe ulipoanza vilevile siku ya 12, babako hakungoja mtu. Tulikodi boti usiku uleule. Damu ilipopimwa, sodiamu ilikuwa chini na potasiamu juu. Daktari akanichorea figo mbili, na juu ya kila moja tezi ndogo kama kofia. Hizo ni adrenali. Humo kuna kimeng'enya kiitwacho 21-haidroksilezi, kinachosaidia kutengeneza homoni, na chako hakifanyi kazi. Kwa hiyo mwili haupati ya kutosha kotisoli, homoni ya kuusaidia kuhimili maradhi, wala homoni ya kuzuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Mtoto wa kike mara nyingi hutambulika anapozaliwa, kwa kuwa maumbile yake ya siri huwa tofauti. Wa kiume kwa kawaida haonyeshi kitu. Nadhani ndivyo kaka yako alivyotuponyoka, na bado naumia.

Mimi na babako ni watoto wa ndugu wawili. Kila mmoja wetu amebeba jeni moja yenye kasoro pasipo kujua. Wewe ukarithi zote mbili. Hakuna aliyekuroga, mwanangu. Ukisikia mtu akisema hivyo, mjibu kwa adabu, lakini mjibu.

Vidonge vyako vya haidrokotisoni na fludrokotisoni, vinavyoziba pengo la homoni hizo mbili, unavijua kuliko mimi. Ninachokiogopa ni haya zako. Ramadhani iliyopita ulificha homa ili ufunge na wenzako, nikakukuta barazani umelegea, maneno hayatoki. Ukishikwa na homa, ongeza dozi kama ilivyo kwenye kadi ya daktari. Ukitapika, kidonge hakikai tumboni: ni sindano ya paja, kisha hospitali, hata iwe saa nane za usiku. Mwalimu amelala? Mwamshe. Na rafiki wa kitanda cha jirani mwonyeshe kichupa kilipo, kesho hiyohiyo.

Halua ya babako iko chini ya shuka. Ukifika tu, nipigie.

Mamako