Hamkuuliza ni siku ya ngapi

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa msichana na sijawahi kuwaandikia. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu chanjo na matibabu ya mapema wakati wa korona imenishinda kunyamazia. Mmemweka mtetezi wa chanjo huku, wa ivermektini, ile dawa ya minyoo, kule, kila mmoja na safu yake, kisha msomaji achague.

Kakangu mkubwa alifariki mwaka wa 2021, Kisauni. Alikuwa amepata dozi ya kwanza ya AstraZeneca, ile iliyoingia nchini Machi mwaka huo. Aliporudi kwa ya pili hakuikuta. India ilikuwa imezuia chanjo kutoka nje. Homa ilipomshika, siku ya pili tu akaenda duka la dawa, akarudi na mfuko: ivermektini, azithromaisini na deksamethasoni. Muuzaji hakumuuliza anaumwa siku ya ngapi, wala hakumpima. Deksamethasoni, Mhariri! Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Juni 2020, ulionyesha inaokoa walio kwenye oksijeni au mashine ya kupumulia. Asiyehitaji oksijeni haikumfaa kitu. Kakangu alipewa siku ya pili dawa ya mtu aliyezidiwa. Homa ikashuka, tukamshukuru Mungu, tukalala. Siku ya nane yuko barazani anakunywa kahawa, anazungumza nasi vizuri, kucha zimegeuka buluu. Jirani anayefanya kazi zahanati akambana kidole kwa kile kidude cha kupimia oksijeni: asilimia 78, chini mno. Alikaa wodini siku tatu. Na matangani, watu hata hawajanawa mikono, upande mmoja ukasema ameuawa na chanjo, wa pili ukasema amejimaliza kwa madawa. Mkewe yuko chumba cha pili anasikia kila neno. Makala yenu ndiyo maneno yale yale ya matangani, safari hii yamepigwa chapa.

Kakangu alivihitaji vyote viwili. Dozi ya pili ingempunguzia hatari, na kupimwa oksijeni kila siku kungemfikisha hospitali mapema. Hayo ndiyo matibabu ya mapema ninayoyajua mimi. Ivermektini ilijaribiwa Brazil kwa wagonjwa zaidi ya 1,300 na haikupunguza waliozidiwa hadi kulazwa. Safu mbili nzima, na hilo likakosa mstari mmoja?

Na haya maduka ya dawa! Mpaka leo mtoto akikohoa unakatiwa kwa makasi vidonge vitatu vya kuua bakteria, bila cheti cha daktari, bila jina la dawa, kwenye karatasi ya kaki. Korona ni kirusi, bakteria hawakuhusika, lakini azithromaisini iliuzwa mitaani kama peremende. Tukija kuugua kweli, bakteria wameshaizoea, itatutibu nini?

Mkiandika tena habari ya dawa yoyote, wekeni pale pale: hupewa nani, siku ya ngapi ya ugonjwa, na ilijaribiwa wapi. Kaunti nayo impe kila mzee wa mtaa kidude kimoja cha kubana kidole, kifungwe kwa kamba mlangoni kwake, mtu yeyote aende apimwe usiku au mchana bila kulipa. Betri zibadilishwe kila mwezi wa Ramadhani unapoandama, ndipo hakuna atakayesahau.

Dada wa marehemu,
Majengo, Mombasa